Printa ya Kadhi

Palikuwa na Sultani, jina lake Mundhiri, ambaye hakumwamini mtu yeyote kwa kalamu. Sababu alikuwa nayo. Mwandishi wake wa mwisho alipewa amri ya kusajili punda ainakili, akaandika paka, na mwaka mzima raia wakapanga foleni ikulu wamebeba paka kwenye vikapu. Basi Sultani akaweka sheria: tangu siku hiyo, hakuna amri itakayofuatwa nchini isipokuwa ameichapa yeye mwenyewe kwenye kompyuta yake, ikasafiri mpaka printa ya Kadhi bila kuguswa na mkono wa mtu, ikatokea huko na kupigwa muhuri. Kila afisa akaapishwa, kuanzia Waziri hadi bwana jela.

Sheria nzuri sana. Ilikuwa na kasoro moja ndogo. Kompyuta ya Sultani ilikuwa zawadi ya mfalme wa ng'ambo, ikiendeshwa na mfumo wake wa kifahari. Ya Kadhi ilikuwa na mfumo mwingine kabisa. Hazikuelewana hata kwa salamu. Wakaja mabingwa wenye tai, wakanywa kahawa, wakashauri ikulu nzima inunuliwe kompyuta mpya, wakanywa kahawa tena. Miezi minne nchi ikakaa bila amri hata moja, na hakuna raia aliyelalamika.

Ndipo akaitwa Saumu binti Kombo, fundi wa kompyuta aliyekuwa na meza yake nyuma ya duka la cherehani. Saumu alikuwa mwoga. Mbele ya wakubwa alitafuta mlango kwa macho. Ulimi tu ndio haukuwa na habari ya woga huo. Akaweka programu ya bure inayoziwezesha kompyuta za mifumo tofauti kutumia faili na printa pamoja. Akaiweka kwa Sultani, akaiweka kwa Kadhi, akaondoka kabla kahawa ya mabingwa haijapoa. Amri zikaanza kutoka, na raia wakaanza kulalamika.

Jumanne moja, saa nne na dakika kumi asubuhi (wanaosema saa tano hawakuwapo), Waziri akamnong'oneza Sultani kwamba programu ile ile iko shuleni, iko zahanati, na iko hata kwa mchonga majeneza. Sultani akatema tende. Saumu akaletwa.

"Wewe binti, umempa mchonga majeneza kitu changu?"

"Nimempa chake, Maulana. Chako unacho."

"Nani alikuuzia?"

"Hakuna. Walioiandika wameitoa bure, kwa yeyote."

"Kitu cha bure hakina thamani."

"Basi mwachie mchonga majeneza."

Waziri akakohoa, akauliza siri ya programu hiyo imefichwa wapi. Saumu akamweleza kwamba haikufichwa; imeandikwa wazi, anayeweza aisome, airekebishe, ampe na mwenzake. Waziri akasema huo ndio uhaini wenyewe, ila hajawahi kuuona umepangwa vizuri hivyo.

Sultani akamnyamazisha kwa kidole. "Ukigawa, binti, unabaki na nini?"

"Nabaki nayo yote. Jirani akija kuomba moto, Maulana, moto wako hupungua?"

"Mimi sijawahi kuombwa moto."

"Hujawahi kuingia jikoni."

Baraza zima likatazama dari. Hapo Sultani akatoa hukumu. Programu hiyo ni yake peke yake. Saumu aiondoe kwenye kila kompyuta nyingine. Kesho asubuhi ikionekana popote mjini, atafungwa miaka saba. Saumu akamfikiria mama yake, ambaye hakuwa na mwingine wa kumchotea maji. Akakaza kanga.

"Kila kompyuta nyingine, Maulana?"

"Kila."

"Hata zilizo humu ikulu?"

"Nimesema yangu peke yangu."

"Hata ya Kadhi?"

"Kadhi ni Sultani?"

"Hapana, Maulana."

"Basi usinifundishe kuhesabu mpaka moja."

Saumu akainama, akaenda moja kwa moja chumba cha Kadhi. Kadhi, mzee mpenda amani, akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba yeye hana, ila Sultani anayo. Kadhi akasogeza kiti. Programu ikaondolewa, na Saumu akashika njia ya mjini. Mwalimu mkuu akamwomba karatasi yenye muhuri. Muuguzi wa zahanati vilevile. Mchonga majeneza akasema yeye ni raia mtiifu kupindukia, aletewe karatasi tu, hata sasa hivi. Saumu akawashukuru, akarudi kwao kuchota maji.

Jioni ile Sultani akaichapa amri ya kuiondoa programu mjini kwa vidole vyake viwili, akaituma. Haikutoka. Akaituma tena. Akamlaumu Waziri. Haikutoka.

Asubuhi iliyofuata akaagiza Saumu aletwe. Saumu akaingia na mkeka umekunjwa kwapani na bakuli mkononi.

"Mjini bado wanayo," Sultani akasema.

"Wanangoja amri, Maulana. Hawafuati neno lisilo na muhuri wa Kadhi. Ndivyo ulivyowazoesha."

"Amri nimeituma tangu jana."

"Kwa Kadhi haijafika."

"Kwa nini haijafika?"

"Kwa sababu kwa Kadhi nimekutii."

Waziri akajitolea kuinakili kwa mkono. Kadhi akamkumbusha, kwa upole sana, kwamba mkono wa mtu ni marufuku. Sultani akamnyooshea Saumu kidole.

"Chukua huo mkeka wako uende gerezani."

"Ndiko ninakotoka, Maulana. Nimebisha hodi tangu alfajiri. Bwana jela kanirudisha, anataka karatasi."