Taa ya Kulia

Ndugu zangu, leo nawaingiza katika nyumba ya watu wawili waliopendana. Nasema mapema kwamba walipendana, msije mkatafuta ubaya wa mume, mkaupata, mkaona habari hii haiwahusu.

Mume alikuwa mwalimu wa sekondari. Mke aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kila Alhamisi jioni ndiye aliyeendesha gari la familia kwenda mazoezini, na wakati wa kurudi akawashusha wenzake nyumba kwa nyumba. Siku moja taa ya mbele ya kulia ikaungua, ile inayokaa upande wa katikati ya barabara.

Mume hakuwa mvivu. Alinunua balbu siku hiyo hiyo, na Jumamosi baada ya chakula akafungua boneti na kukunja mikono ya shati. Ndipo alipoona kwamba aliyelichora gari lile hakuwahi kufikiria kuwa balbu huungua. Nyuma ya taa kulikuwa na betri, na kati ya betri na bati palikuwa na upenyo wa kupitisha vidole, si mkono. Aliusukuma mkono hivyo hivyo hadi kwenye kifundo. Ngozi ikachubuka. Akawa anapapasa kitu asichokiona.

Mkewe akaja kusimama karibu, kikombe cha chai mkononi.

“Unaifikia, Baba Anaeli?”

“Naigusa kwa ncha ya kidole. Kuna waya umeibana kama pini. Lazima niubinye na kuusukuma pembeni kwa pamoja.”

“Nijaribu mimi? Mkono wangu mdogo.”

“Utajichana. Waliotengeneza hiki kitu sijui walikuwa na mikono gani.”

“Walikuwa na wake,” mkewe akasema. “Wakawasikiliza.”

Mume akacheka, akauchomoa mkono, akafunga boneti. Jumamosi ijayo, alisema, angeitoa betri kabisa na kuifanya kazi hiyo kwa nafasi. Balbu akaiweka juu ya friji, ndani ya kiboksi chake.

Jumamosi hiyo ikawa na harusi. Iliyofuata ilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kisha kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa, ambayo mume alikuwa katibu wake. Mke akifuta vumbi juu ya friji alikiinua kiboksi, akafuta chini yake, akakirudisha mahali pake.

Mtaa mzima ulijua. Tusidanganyane hapa, gari lenye taa moja halifichiki. Jumapili moja, nje ya kanisa, mzee wa kanisa aliyekuwa rafiki wa mume alimwita mke mbele ya watu.

“Mama Anaeli, gari lako linakonyeza wanaume barabarani. Juzi nilidhani bodaboda inakuja, kumbe ni wewe na kwaya nzima.”

Watu wakacheka. Naye akacheka.

“Basi njoo na spana, shemeji. Kicheko ninacho nyumbani.”

“Nitakuja. Wiki hii hii nitakuja.”

Nadhani alipoahidi alimaanisha. Sisi huwa tunamaanisha.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa kwenda mazoezini, mke aliuweka ufunguo wa gari mezani mbele ya mumewe.

“Leo nakwenda kwa miguu. Lori likiona taa moja ya kushoto litadhani ni pikipiki iliyo pembeni, litakuja katikati. Siwezi kuwabeba watoto wa watu hivyo.”

“Washa taa kali, utaonekana tu.”

“Nitatembea.”

“Jumamosi hii naifanya, Mama Anaeli. Hii sasa ni ahadi.”

“Sawa, baba,” akasema, akachukua kitabu chake cha nyimbo.

Kwaya ilitoka giza limeshaingia. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikapu moja iliteleza na kuacha lami, ikamkuta pale alipokuwa akitembea, pembeni kabisa, mahali panapostahili mtu kutembea. Hakufika hospitali akiwa hai.

Sasa sikilizeni tulivyo wepesi. Kabla jua halijapanda, kamati ya mazishi ilikuwa imeshakaa. Turubai lilisimama, viti vilipangwa, masufuria yalikuwa motoni. Mzee yule wa kanisa alipewa jukumu la usafiri. Naye, kwa kuwa ni mtu makini, aliyakagua magari yote ya msafara, maana mnajua desturi yetu: gari lililobeba jeneza na yote yanayolifuata huwasha taa, hata kama ni mchana. Akafika kwenye gari la mwalimu.

“Hili litakuwa la pili, nyuma ya jeneza,” akawaambia wanaume waliokuwa wamekaa. “Wakwe watakuwa wanalitazama. Haliwezi kwenda na jicho moja.”

Wakavua makoti. Mmoja akafungua betri, mwingine akamulika kwa simu, mzee mwenyewe akaingiza mkono. Walipotaka kumtuma mtu dukani, mume, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema, “Iko juu ya friji.” Ikaletwa. Mmoja akaonya kioo cha balbu kisiguswe kwa vidole vitupu, isije ikaungua mapema. Wakaishika kwa leso. Walitaka idumu.

Walimaliza kabla chai yao haijapoa. Mzee alikuja akifuta mikono.

“Baba Anaeli, angalau hilo tumekuondolea. Kumbe ni kazi ndogo.”

“Ndiyo,” mume akasema. “Ni kazi ndogo.”

Saa saba mchana, jua likiwa kichwani, taa ziliwashwa. Mwanga wa jua ulikuwa mkali mno, hakuna aliyeweza kujua kama ile ya kulia inawaka. Ikabidi mzee ainame, aweke kiganja mbele ya kioo, aangalie. Mume akaona duara dogo la njano kwenye kiganja cha mwenzake. Inawaka. Akaingia ndani ya gari, akamfuata mkewe makaburini.

Ndugu zangu, upenyo uliongezeka? Betri ilihama? Mkono ulioshindwa kupita kwa ajili ya mwanamke aliye hai ulipitaje kwa ajili ya jeneza? Ulipita kwa sababu sasa wakwe wanatazama. Ulipita kwa sababu kuchubuka mbele ya watu ni heshima, na kuchubuka nyumbani Jumamosi mchana, mbele ya mtu mmoja aliyeshika kikombe cha chai, ni usumbufu.

Sisi tunajua kuzika. Hakuna anayetushinda. Ila mtu akiwa bado anatembea, tunamwambia taa yake haiwaki, tunacheka naye, na tunakwenda zetu tukiamini tumemsaidia kwa kuwa tumemwambia. Yeye alijua. Alijua kabla yetu. Hakuhitaji macho yetu, alihitaji mikono.

Msiniitikie Amina. Alhamisi kwaya ina mazoezi, na kina mama watatoka giza limeingia. Wenye magari hapa wanajijua. Ninyi mliokwisha kuahidi, mnajijua pia. Kakunjeni mikono ya mashati leo, wakati bado kuna mtu wa kuuliza kama mnaifikia.