Mstari Alioukata Korongo

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni, na mwenye kucheka acheke sasa, maana mbele kuna maji.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na bwawa, na lango lake la kumwaga maji mtoni lilifunguliwa na mashine. Mashine ilitii programu, yaani maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari. Kila mwaka walishindana kuifupisha. Mwenye herufi chache kuliko wote, na lango likafunguka sawasawa, ndiye mshindi, na programu yake ikatumika mwaka mzima.

Mwaka huo Kicheche alimpita Korongo kwa herufi chache tu. Moyo wa Korongo ukawaka. Wanyama wakaimba:

"Kata tena, Korongo, kata!"

Akakata majina marefu.

"Kata tena, Korongo, kata!"

Akakata nafasi baina ya maneno.

"Kata tena, Korongo, kata!"

Hakuona cha kukata ila mstari mmoja: *Kama kuna anayevuka mtoni, subiri.*

Akamuuliza mwamuzi, "Bwana Kiboko, mtajaribu mtu akiwa mtoni?"

"Tunajaribu lango, binti yangu. Mto haumo."

Akaukata. Kiboko akajaribu, mto ukiwa mtupu, lango likafunguka. Korongo akashinda, akapigiwa ngoma.

Kesho yake kinda wake, ambaye mabawa yake yalikuwa hayajakomaa, akavuka mto kwa miguu. Alikuwa anakwenda kumsimulia bibi yake jinsi mama alivyoshinda. Lango likafunguka. Halikusubiri. Maji yakamchukua.

Jamani, Korongo alilia! Kicheche akaja kumhani.

"Pole, dada. Hata mimi ningeukata, kama ningejua haujaribiwi."

"Najua," akasema Korongo. "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Shindano lilipofika tena, Korongo hakuandika kitu. Alishuka mtoni, akasimama katikati ya kivuko.

"Bwana Kiboko, sasa jaribuni."

"Toka, Korongo!"

"Jaribuni."

"Basi ruka, una mabawa!"

"Kinda wangu hakuweza kuruka. Jaribuni."

Kicheche akawa wa kwanza kuichukua programu yake, akaurudisha ule mstari. Wengine wakamfuata. Ndipo Kiboko akajaribu, na lango likasubiri.

Hadi leo, ukimwona Korongo amesimama majini peke yake, usidhani anavua samaki tu. Anangoja wajaribu.

Hadithi yangu imeishia hapo, naye bado yumo majini.