Fisi Mheshimiwa Mkuu na Alama ya Pengo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Jina!

Likaenda wapi?

Likaingia ndani, mwenyewe kabaki nje!

Haya. Aliyekuja kusinzia akalale kwao, maana sirudii.

Kiangazi kimoja wanyama waliweka akiba yao katika ghala moja ng'ambo ya bonde. Kila mnyama na kapu lake, kila kapu na jina lake. Langoni huku akakaa Kasuku, ghalani kule akakaa Fisi, na katikati Buibui fundi akatandaza uzi. Siku ya posho unamtajia Kasuku jina, Kasuku analiweka kwenye uzi, herufi zinakwenda mbio, chururururu! mpaka kwa Fisi. Nawe unavuka bonde, unapokea chako. Huo ndio mtandao, na ulikuwa mzuri.

Ila uzi ule haukubali pengo. Jina likiwa na pengo katikati, uzi unakatika, ta! Nusu inafika, nusu inaanguka bondeni. Kwa hiyo Buibui akaweka ada: kila penye pengo anapachika alama, %20, na mlinzi wa ghala anaitoa, analirudisha pengo, ndipo anatafuta kapu. Kwa nini ishirini na si thelathini? Kamuulize Buibui. Mimi sijui, wala sidanganyi watu.

Akafika Panya Buku, mama wa watoto wengi wenye njaa. Fisi akausoma uzi kwa sauti:

"Panya Asilimia Ishirini Buku! Jamani, limo?"

Wanyama wa kwenye foleni, Tembo na Twiga na Nyati, ambao majina yao ni ya neno moja na matumbo yao yamejaa, wakaitikia kwa kicheko:

"Halimo!"

"Umesikia, mama? Halimo. Nenda zako."

"Mzee Fisi, kapu langu lile pale! Nimelisuka mwenyewe!"

"Lile la Panya Buku. Wewe umekuja na asilimia zako."

Na ada nyingine ilikuwa hii: posho isiyochukuliwa hadi jua kuzama, mlinzi aitupe. Fisi aliitupa, naam. Aliitupa tumboni, kwapu! kwapu! kwapu!

Panya Buku akaenda kwa Kasuku. "Mimi nimelituma, mama." Akaenda kwa Buibui. "Mimi nimelifikisha, mama, na alama yake. Kuitoa ni kazi ya huko." Kila mmoja mikono yake safi, na watoto wanatafuna mlango.

Posho iliyofuata, vilevile. Panya Buku, halimo! Mbwa Mwitu, halimo! Nguruwe Pori, halimo! Fisi akanenepa mpaka akawa anatembea kinyumenyume kutoka ghalani.

Panya Buku moyoni alichemka kama chungu cha maharage. Angesema, nani angemsadiki panya mbele ya fisi mwenye funguo? Akapaka asali mdomoni, akarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Halimo!"

"Sikujia posho, mzee. Nimeona aibu tu. Mlinzi wa ghala zima, kapuni kwako pameandikwa Fisi. Fisi tu! Kama yule wa jalalani."

Fisi akaacha kutafuna. "Ulitaka paandikweje?"

"Nani kama wewe? Fisi Mheshimiwa Mkuu."

"Lirudie hilo."

"Fisi Mheshimiwa Mkuu!"

Lo! Fisi alijilamba hadi masikioni. Jioni ileile kapu lake likaandikwa upya, na Kasuku akapelekewa habari.

Siku ya posho ikafika. Mlinzi naye alikuwa na fungu lake, paja zima la nyama kavu, ila ada ilikuwa moja kwa wote: jina lipite kwenye uzi. Chururururu! Fisi akatoa kifua, akasoma kwa madaha:

"Fisi Asilimia Ishirini Mheshimiwa Asilimia Ishirini..."

Panya Buku akapanda juu ya jiwe.

"Jamani, limo?"

Foleni nzima, kwa mazoea, ikanguruma:

"Halimo!"

Tembo akaweka mguu juu ya paja la nyama, puu! "Halimo, bwana. Tungoje jua lizame, litupwe."

"Wapumbavu nyinyi!" Fisi akabweka, mate yanaruka. "Hiyo alama si jina, ni pengo tu! Inatolewa!"

"Kumbe inatolewa?" akauliza Panya Buku.

Tembo akamgeukia Fisi polepole.

"Mzee," Panya Buku akasema, "ukishatoa zako mbili, nitolee na yangu moja."

Siku hiyo Fisi alitoa alama mpaka ulimi ukamning'inia. Panya Buku akalipokea kapu lake, mtama umejaa hadi ukingoni. Tangu hapo kila jina lenye pengo linafika zima, na Fisi bado anaitwa Mheshimiwa Mkuu, maana hakuna aliyekubali kumfutia.

Funzo la ngano hii ni kwamba kusifu mtu kwa uongo hakujazi kapu. Anayeniuliza mbona la Panya Buku lilijaa, huyo hakusikiliza, atoke nje!

Basi hadithi yangu nimeiweka kwenye uzi. Ikikufikia nzima, ni yako. Ikikufikia na alama, itoe mwenyewe.