Zimwi Lililovaa Kasula

Tegeni masikio niyajaze! Zimwi lilimmeza padre sakristiani, likavaa kasula yake, joho la misa la kijani lililolowa damu, likaingia kanisani kula waumini. Skolastika, mtunza mavazi, aliona mkia. Mwenyekiti wa walei aliona rangi.

"Baba Paroko, leo si siku ya nyekundu!"

Likamng'oa kichwa. Makamu akasimama: "Naunga mkono!" Likamng'oa naye. Katibu akasimama kufafanua, akaliwa akifafanua.

Likamgeukia Skolastika. Akainua stola, ule utepe mrefu wa padre wa shingoni.

"Umesahau hii, Baba. Ibusu kwanza, ndipo uvae."

Zimwi halijui kubusu, likaing'ata. Stola, kitu kilichobarikiwa, ikalirukia shingoni, ikakaza, ikakaza, ikakaza, hadi kichwa kikabingirika chini ya altare.

Waumini wote wakapona, isipokuwa uongozi. Nami mzigo nimeutua.