Sufuria Mbili Nyuma ya Jiko

Wapendwa, wekeni Biblia magotini kidogo. Leo nina habari ya mbwa, na anayedhani mbwa si mada ya kanisani anivumilie mpaka mwisho. Nawaambia mapema kwamba nina hasira, kwa hiyo msishangae nikipaza sauti.

Palikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Tumsifu, aliyefuga mbwa wawili wa kulinda nyumba na kuku wake. Mmoja aliitwa Bosi, mwingine Zege. Kila jioni aliwapikia ugali wa dona na dagaa, akapakua kwenye sufuria mbili kuukuu, akaziweka nyuma ya jiko, akaingia ndani kuendelea na shughuli zake. Baadaye ndipo alipotoka kuokota vyombo.

Kila alipotoka aliikuta sufuria ya Zege tupu, imelambwa hadi inang'aa. Ya Bosi ilikuwa imejaa vilevile alivyoiacha. Bosi mwenyewe amelala pembeni, kichwa juu ya miguu, anamtazama kwa macho ya yatima. Moyo wa mama ukayeyuka. "Maskini mtoto wangu, hujala tena?" Akarudi jikoni, akachukua mchuzi wa nyama, akammwagia juu, Bosi akala. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Mchuzi ukawa utumbo wa buchani, utumbo ukawa maini, na mwishowe mama mzima, anayeheshimika mtaani, akawa anapiga magoti nyuma ya jiko akimlisha mbwa kwa mkono, tonge kwa tonge. "Kula baba, kidogo tu." Siku nyingine maini hayo yalikuwa ya Baba Tumsifu, naye akaambiwa yameungua.

Mnacheka. Haya, chekeni. Na Zege je? Zege alikuwa anakonda. Mbavu zikatokeza, manyoya yakapoteza rangi, hata kubweka akawa anabweka kama anayeomba radhi. Mnadhani mama alimwonea huruma? Alimkasirikia! "Wewe mlafi, sufuria unaimaliza kila siku, chakula kinakwenda wapi?" Akampunguzia. Hivi mmenisikia vizuri? Anayekonda akapunguziwa, anayenenepa akaongezewa!

Jirani yake alipopita kuomba chumvi, uvumilivu ulimshinda. "Dada, samahani, huyu Bosi wako asiyekula, mbona mgongo umekuwa mpana hivi?"

"Ah, ni damu yake tu, mdogo wangu. Wengine hata maji yanawanenepesha."

"Na huyu mwingine?"

"Huyo achana naye. Anakula kushinda wote na haonekani."

Damu yake! Tukishaamua nani wa kumhurumia, hatukosi maelezo. Mbwa anayeshindia maini tunasema ni damu, na anayekufa njaa mbele ya macho yetu tunamwita mlafi.

Basi Baba Tumsifu naye akachoka. "Mama, huyu Zege anatumalizia unga bure. Nimeongea na bwana mifugo, Jumamosi asubuhi anakuja kumchoma sindano, apumzike moja kwa moja." Mama akamkumbuka Zege alivyomfukuza kicheche bandani mpaka akarudi na sikio limechanika. Halafu akasema, "Sawa, baba, kama ndivyo." Ndivyo nini? Nani alichunguza? Mlinzi wa nyumba anahukumiwa kufa, na kosa lake ni kwamba chakula chake kimeisha!

Jumamosi ilipofika, mama aliona vibaya kumwacha afe na njaa. Akapika mapema, akapakua, akaziweka sufuria mahali pake, akaondoka kama kawaida. Alipofika mlangoni akakumbuka ameacha mwiko nje. Akageuka, na alichokiona kilimgandisha pale pale.

Bosi aliinuka kwa madaha, akaipita sufuria yake bila kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye ya Zege. Wala hakunguruma. Alimtazama tu, na Zege akarudi nyuma, akakaa kando ya kuni, akageuzia uso ukutani huku mwenzake anakula dona lote na kuilamba sufuria. Alipomaliza, Bosi akarudi mahali pake, akalaza kichwa juu ya miguu, akavaa ule uso wa yatima na kusubiri maini.

Mama akapandwa na hasira. Akauokota mwiko ampige, lakini mkono ukabaki juu. Ampige kwa lipi? Bosi ni mbwa. Nani alimfundisha kwamba ukisusa unaletewa nyama? Nani alikuwa anapakua na kugeuza mgongo? Akautupa mwiko, akaisukuma ile sufuria iliyojaa mbele ya Zege. "Kula," akamwambia. Zege akanusa, akarudi nyuma, akamtazama Bosi. Ameshasahau kwamba chakula kinaweza kuwa chake. Hapo mama akalia, na alistahili kulia.

Mara hodi langoni. Bwana mifugo kafika na mkoba wake. "Shikamoo, mama. Yuko wapi huyo mwenye matatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Rudi tu. Mwenye matatizo ni mimi ninayepakua."

Akamfunga Bosi kamba kwenye uzio, akaketi chini, kwenye udongo, na gauni lake, mkono mgongoni kwa Zege. Alikaa sana. Zege alikula kwa kusitasita, analamba kidogo na kutazama nyuma, kama mgeni asiye na uhakika kama amekaribishwa. Miaka yote mama huyu alikuwa hajawahi kumwona akila.

Sasa tuje kwetu sisi. Katika kanisa hili mtu akinuna tunamtembelea. Mwanakwaya akisusa mazoezi, anafuatwa nyumbani na kubembelezwa kwa soda. Mkubwa akilalamika hakupewa kiti cha mbele, kiti kinahamishwa, hata ibada ikiwa inaendelea! Lakini yule mama anayefagia humu, asiyedai kitu, anayesema "Bwana asifiwe" na kwenda zake, nani kati yetu anajua jana alilala amekula nini? Na nyumbani kwetu? Mtoto anayesukuma sahani anakaangiwa yai. Yule mpole tunamsifu kwa wageni: "Huyu hana shida kabisa." Umejuaje? Ulikaa naye lini? Tunaweka sahani mezani, tunaondoka, tunarudi kuhesabu haki kwa kutazama vyombo, halafu tunajiita wachungaji wa familia zetu. Ni aibu, ndugu zangu. Ni aibu kubwa!

Leo siiti mtu mbele hapa. Kila mmoja wenu anaye mtu nyumbani kwake ambaye hajawahi kulalamika, na jina lake limekujia sasa hivi wakati nasema. Nenda ukaketi naye mpaka amalize kula. Na akikwambia ameshiba, usikubali jibu la kwanza.