Nyota Inayotoa kwa Mabonge

Chukueni profesa mmoja, mtaalamu wa zile nyota kubwa kupita kiasi, ambazo mwanga wake ni mkali hata unapuliza gesi ya nyota zenyewe nje kama upepo. Huko hakufiki mtu. Kwa hiyo profesa huupasua mwanga wa nyota katika rangi zake, akaangalia mistari inayong'aa, akapiga hesabu: kwa mwaka nyota hii inatoa gesi kiasi hiki. Namba yake ilifundishwa miaka ishirini, ikampa jina.

Akaja mwanafunzi wake, binti mmoja, na tasnifu iliyobakiza saini ya profesa tu. Binti alikuwa ameipima mistari ile tena na tena, akaona vinundu vidogo vikitembea juu yake. Upepo ule hauvumi sawasawa. Unatoka kwa mabonge. Na gesi iliyobanana hung'aa kuliko gesi ileile ikitandazwa.

"Kwa hiyo nyota yangu ni bahili?" profesa akauliza.

"Inatoa theluthi ya ulichoandika, Profesa. Mng'ao wa mabonge ndio uliotudanganya."

Profesa akamwambia avilainishe vinundu, aseme ni makosa ya chombo, na saini ataipata kabla ya chai. Binti akasema si makosa ya chombo.

"Basi nenda ukakae navyo nyumbani."

Akaenda. Mahafali ya mwaka ule yakampita.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamshangaa profesa? Mimi simshangai, nimemchoka tu. Amekaa humu kanisani, kwenye viti vya kwaya, na amevaa sare ya kitenge.

Mwezi wa pili tulikwenda watu arobaini kwa yule mama aliyevunjika nyonga. Tuliimba, tuliomba, tulipiga picha hadi na mto wake. Ripoti ya mwaka ikaandikwa kwamba wagonjwa wetu tunawahudumia vizuri sana. Ni nani kati yetu aliyerudi mwezi wa tatu? Wa nne je? Msitazamane.

Jumanne iliyopita nilikwenda peke yangu. Nilimkuta amelalia shuka lililolowa tangu alfajiri, anasubiri jirani atoke kazini. Akaniuliza, tena bila hasira, kama kwaya ilihama.

Mzee wa kanisa ananihimiza mimi mchungaji wenu nisaini ripoti ile, eti askofu anaingoja. Sisaini.

Kesho ni Jumatatu. Mama anahitaji kuogeshwa saa moja asubuhi. Sitaki arobaini, sitaki sare. Nataka mtu mmoja, na Jumanne mwingine. Nani anakwenda?