Nyati na Mama Mkwe wa Bondeni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Tuambie wewe!

Haya, pakawa bondeni, penye tope la kufika magotini. Mwenye viatu vipya akae mbali, asije akanilaumu.

Bonde hilo lilijaa maua marefu, marefu kumpita mtu mzima, yenye vichwa vya zambarau na majani mapana. Chini ya ua mojawapo palikuwa na kidimbwi kidogo kama sufuria ya ugali, na humo Chura alikuwa amewalaza wanawe. Walikuwa viluwiluwi bado, mikia mitupu, miguu hawana. Kivuli cha ua kikiondoka, kidimbwi kitakauka, na watoto ndio basi tena. Chura alilijua hilo, na roho yake ilikuwa juu juu.

Kwa sababu kulikuwa na Nyati. Kila asubuhi, ndi, ndi, ndi! anashuka bondeni. Anatafuna maua, kafu, kafu, kafu! Anabeua, mbweu! Anakwenda zake. Akala ya kulia, akala ya kushoto, mpaka likabaki ua moja tu, lile lile la Chura.

Ndi, ndi, ndi! Nyati huyo, mdomo wazi.

"Bwana Nyati, ngoja kwanza!" Chura akapiga kelele.

"Niondokee, nina njaa."

"Kula, nani kakukataza? Lakini sijawahi kuona mtu anamla mama mkwe wake."

Nyati akafunga mdomo. "Mama mkwe gani? Mimi sina mke."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Mabega yote hayo, pembe zote hizo, halafu unalala peke yako kama gogo! Huyu mama ana binti, kamfungia ndani chini humo, mwali hasa, hata jua halijamwona. Mimi ndiye mshenga. Natafuta mume mnene."

"Mimi mnene," Nyati akasema haraka. Alikuwa mlafi wa kila kitu, hata wa wake. "Lakini mbona mama mwenyewe hasemi?"

"Mama mkwe gani wa maana anapiga domo na mkwe wake? Muulize tu kama amekukubali."

Upepo ukavuma, fyuu! Ua likainamisha kichwa.

"Amekubali!" Chura akapiga vigelegele vikubwa kuliko mwili wake. "Sasa adabu za ukweni unazijua. Humtazami. Huli mbele yake. Hukanyagi kwake. Na maji unamtekea."

"Maji tena?"

"Ulitaka mke wa bure?"

Basi ikawa kila asubuhi, ndi, ndi, ndi! Nyati anatoka mtoni, mashavu yamejaa maji. Kwa kuwa haruhusiwi kumtazama mkwe, anakuja kinyumenyume, makalio mbele. Anagonga kichuguu, pu! Anakiomba radhi. Akifika anageuza shingo, macho kafumba, anatema, chwaa!

"Shikamoo, mama!"

Na sauti nyembamba kutoka nyuma ya majani inajibu, "Marahabaa, baba. Kesho ongeza."

Siku moja Ngiri akapita, akanyoosha mdomo alitafune ua. Nyati akamrukia. "Utamla mama mkwe wangu?" Ngiri alikimbia, na mpaka leo hajui alikosea nini.

Kisha jua likakaza. Ua likageuka kahawia, likaanguka, pwata! Nyati akaangua kilio. Chura naye akalia, tena chake kilikuwa kilio cha kweli, maana watoto ndio kwanza miguu ya nyuma imeanza kuchomoza.

Nyati akapangusa kamasi. "Basi nipe mke wangu." Akaanza kuparua ardhi, kwaru, kwaru! Kwato moja ikatua ukingoni kabisa mwa kidimbwi.

Chura akamrukia mbele. "Huna haya?" akafoka. "Unaoa msibani? Matanga hayajaondolewa! Na maji ya msibani ataleta nani, mimi?"

Nyati akaona haya kweli. Akarudi mtoni, akateka, akatema, akateka, akatema, mpaka mvua ikaja.

Sasa, ua lile hukauka juu tu. Mzizi uko hai chini, unangoja mvua. Nyati hakulijua hilo, kwa sababu yeye alikula vya juu akaondoka. Alipoona chipukizi la kijani akaruka. "Bibi harusi!"

"Nani kakwambia?" akasema Chura. "Huyo ni mama, amerudi. Fumba macho!"

Nyati akageuka upesi, na huko alikogeukia akaona chipukizi jingine, na jingine, bonde zima. "Na hao?"

"Mama zake wadogo. Wote uliwala kabla jua halijakaza."

"Mungu wangu! Na mke wangu je?"

"Muombe mama mwenyewe. Mimi kazi yangu imekwisha."

Watoto wa Chura, miguu yote tayari, wakatoka kidimbwini, chupa, chupa, chupa! Mama yao akawafuata, akicheka hadi machozi.

Nyati akabaki peke yake, makalio mbele. "Shikamoo, mama!"

Kimya.

"Shikamooni, mama wadogo!"

Kimya.

"Wamekasirika wote," akasema Nyati, akaenda kuteka maji ya bonde zima.

Hadithi yangu imezama topeni. Anayeitaka akunje suruali aifuate. Na funzo lake, maana najua mtaniuliza: uongo ni mbaya, wanangu. Mtazameni Chura. Alidanganya mchana kweupe, na mwisho wake ukawa nini? Watoto wazima, bonde la kijani, na mteka maji wa bure. Msimuige kabisa, labda Nyati aje kwenu.